Mashine Iliposema Moyo

Kitu cha kwanza kilichotukosanisha na Mama, mgonjwa wangu, kilikuwa wanja. Alikuja kliniki kila Jumanne kwa raksha, yaani bajaji ya Juba, kutoka mtaa wa Malakia, binti yake amemshika kiuno, naye amevaa kana kwamba anakwenda kumposea mwanawe mke: lawa safi, ile shuka ya wanawake, imefungwa kwenye bega moja, mikono inang'aa mafuta, na machoni wanja mzito uliopakwa na mtu asiye na haraka. Mimi niliupenda ule wanja. Mashine haikuupenda hata kidogo.

Niielezee kwanza hiyo mashine. Ilikuwa kama rula nyeusi ya shule, inakaa chini ya kioo cha kompyuta na kutazama macho ya yule aliyeketi mbele yake. Kwenye kioo zinatokea picha nne, sauti inatamka neno moja, na kitone chekundu kinaonyesha jicho limekwenda wapi, limekaa kwa muda gani na limehama lini. Kwa mtu mwenye afasia, yaani mtu ambaye kiharusi kimempokonya lugha na kumwachia mengine yote, hilo ni jambo kubwa. Hawezi kusema, na pengine hawezi hata kuonyesha kwa kidole kwa sababu mkono wa kulia umelala. Lakini jicho likisikia kuku, linamwendea kuku kabla mwenyewe hajaamua. Macho hayana pazia, wanasema wazee, ingawa nadhani wao walikuwa wakiwasema vijana barabarani.

Mashine aliileta Mkenya mwenzangu, mtafiti kutoka Nairobi, mwembamba, mpole, mwenye kupenda usahihi mpaka anakera. Mimi nilikuwa nimeshakaa Juba miaka kadhaa, nikifanya tiba ya usemi katika kontena lililokatwa madirisha, nyuma ya hospitali. Alikuja kujua kama watu wenye afasia wanaelewa maneno zaidi ya wanavyoweza kuonyesha. Mimi nilikuwa najua kwamba wanaelewa. Nilichokosa kilikuwa kitu cha kuwafumba midomo wale waliokuwa wakibisha.

Basi, wanja. Kamera inatafuta kitu cheusi cha mviringo katikati ya jicho, na kwa Mama ilikuta weusi kila mahali. Kitone chekundu kikawa kinaruka kama panzi, mara juu, mara pembeni, mara kimepotea kabisa.

"Afutwe," mtafiti akasema, bila hata kumtazama mwenye macho.

Binti akachukua pamba. Mama akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akasema, "Kalas!"

Kalas ndilo neno pekee alilobaki nalo. Kwa Kiarabu cha Juba ni kusema basi, yatosha, imekwisha, na tangu apatwe na kiharusi Mama alilitumia kwa kila jambo. Akikusalimu, kalas. Akitaka chai, kalas. Binti akichelewa kufunga duka, alizitoa kalas mfululizo, zikipanda na kushuka kama hotuba nzima. Ukikaa naye ulianza kuzitofautisha, kama mzazi anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Hii ya pamba ilikuwa kalas ya mwanamke aliyeuza vitenge Malakia miaka mingi na asiyekwenda mbele za watu uso mtupu.

Nikapandisha hasira. Nilimwambia mtafiti kwamba kama mashine yake haiwezi kumtazama mwanamke wa Juba jinsi alivyo, airudishe Nairobi ikatazame wanafunzi wa chuo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasogeza kiti, akainamisha kamera kidogo, akasema labda ukifutwa wa kope za chini tu itatosha. Ikatosha. Ndivyo tulivyoelewana: wanja wa juu unabaki, wa chini unafutwa, na baada ya kipimo binti anampaka upya kwa kutumia kioo changu cha mkobani. Sasa niko Nakuru, kwenye baridi yetu, na nikiikumbuka kliniki ile naiona kwanza ile mikono ya binti juu ya uso wa mama yake.

Halafu naona mengine. Naona mwarobaini uliokuwa nje ya mlango na mama wa chai aliyekaa chini yake na makopo yake ya tangawizi na karafuu. Nasikia jenereta ikikohoa, sisi ndani roho mkononi kwa sababu kompyuta ikizima katikati ya kipimo tunaanza upya. Jumapili Wakenya tulikutana kanisani, tukaimba kwa Kiswahili kwa sauti kubwa kuliko tulivyowahi kuimba kwetu, kisha tukala nyama na kulalamikia joto. Nimelikumbuka hata lile joto. Nilikuwa na hasira nyingi miaka ile, na afya nzuri ya kuzibeba.

Hasira yangu kubwa ilimwangukia shemeji yake Mama. Mume wa Mama alifariki zamani, wakati wa vita, akazikwa kijijini kwao, mbali kaskazini, mahali unapofika kwa mto. Wakati huo Mama alikuwa amekimbilia Uganda na watoto, pamoja na mdogo wa mumewe, na miaka yote ya ukimbizi huyo shemeji alisimama nao huko Arua kama ukuta. Waliporudi, Mama alifungua duka Malakia na shemeji akaenda na shughuli zake mtoni. Kisha kikaja kiharusi. Shemeji akaamua kwamba atamchukua Mama kwa tishari, yale maboti bapa ya mizigo yanayoondoka bandari ya Juba kwenda kaskazini, ampeleke akakae na ukoo wa mumewe kijijini. Binti hakutaka kusikia habari hiyo. Mama ana nyumba yake, ana duka lake, na ana yeye.

Siku shemeji alipokuja kliniki alinisalimu vizuri sana, kofia mkononi. Alikuwa mrefu, na aliketi karibu na Mama huku akizungumza na mimi juu ya kichwa cha Mama, kama watu wawili wanaosemezana juu ya ua.

"Dada, mimi nasema kweli. Huyu sasa iko kama mtoto. Akili yake ilikwisha. Yeye mwenyewe nasema, kalas. Nani itabaki na yeye hapa? Huyu binti nauza duka mchana yote."

"Umemuuliza mwenyewe?" nikasema.

"Nauliza nani? Yeye hapana sikia."

Mama akageuza uso ukutani. Aligeuza kabisa, shingo na mabega, akakaa hivyo hadi shemeji alipoondoka. Binti akanitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tukasoma jambo moja: hataki kwenda. Shemeji akiwa mlangoni nikamwambia kwamba tunayo mashine ya kupima kama anaelewa. Akafikiri, akavaa kofia.

"Kama mashine nasema yeye nasikia, mimi nitamuuliza, na nitafanya vile anataka. Kama hapana sikia, tishari ikijaa tunakwenda."

Sijui kama mtafiti alilijua hilo vizuri kama mimi. Kwake Mama alikuwa mmoja wa watu aliotaka kuwapima. Kwangu kitone kile chekundu kilikuwa kimegeuka kuwa hakimu, naye Mama angeulizwa au asiulizwe kuhusu maisha yake kulingana na mahali kitakapotua.

Kipimo kilikuwa kwa Kiswahili. Binti mwenyewe alituambia, "Mama najua Kiswahili mingi. Arua alikuwa nauza na Kiswahili, mpaka na kugombana." Maneno yalirekodiwa Nairobi kwa sauti ya mtafiti, sauti safi kama ya msoma taarifa ya habari. Kwenye pesa, nguo, sabuni na samaki, jicho la Mama lilikwenda moja kwa moja. Kwenye mlango likatangatanga. Kwenye kiatu likatangatanga. Kwenye mengine mengi lilizunguka picha zote nne kama mgeni anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake, kisha likaja kutua usoni pangu.

Tulipomaliza siku ile mtafiti alisoma matokeo, akakuna kidevu. "Hayapo mbali sana na kubahatisha," akasema. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. Nilitoka nje nikanunua chai nisiyoihitaji. Tishari lilikuwa tayari bandarini, wakipakia saruji na vitanda, na binti alikuwa akipita huko kila jioni kuangalia kama limejaa.

Jumanne iliyofuata tukarudia na picha nyingine. Mama ameketi, wanja wa chini umefutwa, jenereta imetulia. Kwenye kioo kulikuwa na kiti, kofia, glasi ya maji na moyo mwekundu, ule wa kuchorwa. Sauti ikasema, "Moyo."

Kitone hakikutangatanga. Kilikwenda kwenye glasi ya maji kikakaa palepale. Mtafiti akabonyeza kitufe cha kosa.

Nyuma yetu nikasikia zipu ya mkoba. Binti akasimama, akatoa chupa, akamimina maji kwenye kikombe, akapita mbele ya kamera na kumpa mama yake anywe.

"Dada, tafadhali," mtafiti akasema, "tuko katikati ya kipimo."

"Si mashine imesema moyo?" binti akamjibu, naye ameshangaa kweli. "Mimi naleta moyo."

Mama akanywa, akafuta mdomo, akamrudishia kikombe. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa sababu Juba nzima moyo ni maji. Hakuna mgeni asiyejifunza neno hilo siku ya kwanza, maana joto halikupi nafasi ya kuchelewa. Mimi mwenyewe wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimeketi kwenye mkahawa, mama mmoja akapaza sauti, "Jibu moyo!" nikajiuliza ni moyo wa nani huo unaotakiwa kujibu, na umeulizwa nini. Jibu ni leta. Mama wa watu alikuwa anataka maji ya kunawa. Tangu siku hiyo nimeagiza moyo mara zisizohesabika, kwenye hoteli, kwenye maduka, kwa mama wa chai. Lakini nikiingia kwenye chumba cha kipimo nilivua Juba mlangoni kama viatu, nikakaa na Kiswahili changu cha darasani.

Mtafiti hakucheka. Aliurudisha mkanda nyuma, akakitazama kitone kikienda kwenye glasi, akakitazama tena. "Amesikia Kiarabu," akasema polepole. "Nami nimemhesabia kosa."

"Mhesabie sahihi," nikasema.

"Siwezi kubadilisha kanuni baada ya kuona jibu. Nikifanya hivyo kwa jibu ninalolipenda, nitafanya na kwa lolote."

Nilimtolea maneno. Kati ya mengine nilimwita karani wa macho. Alivumilia, kisha akasema kwamba hata akilihesabu moja lile, bado hatujui chochote, na njia ya haki ni kuanza upya kwa lugha ambayo Mama anaiishi. Ilikuwa inauma kumkubalia mtu niliyemaliza kumtukana.

Tukamwomba binti awe sauti. Ilibidi tuzime kiyoyozi kwa sababu ya mvumo, tukaning'iniza godoro la wagonjwa mlangoni na blanketi dirishani, tukajifungia humo watatu tukirekodi Kiarabu cha Juba. Jasho lilikuwa likitiririka hadi kwenye karatasi. Binti alitamka neno, akacheka, tukarudia. Alitufundisha njiani. Kura, akasema, kwao ni mguu. Bara ni nje. Na akil ni chakula.

"Basi baba yako mdogo akisema akili ya Mama imekwisha," nikamwambia, "tumtume sokoni."

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Mtafiti akatuonyesha kwamba kinasa sauti kilikuwa wazi, na kicheko chote kimo ndani. Sijui kwa nini, katika mambo yote ya Juba, hilo godoro mlangoni ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu mtamu kuliko mengine. Hatukuwa na chochote cha kufurahia, tishari lilikuwa linajaa, na tulikuwa tumefurahi.

Siku Mama aliposikia sauti ya bintiye ikitoka kwenye mashine, kitone kilipotea kabisa. Alikuwa amegeuka nyuma kumtafuta. Binti akamwonyesha kwa mkono, mimi niko hapa, ile ni ya kompyuta. Mama akatoa kalas ndefu ya mshangao, akageuka mbele, akajiweka sawa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Bab wen?" sauti ikauliza, mlango uko wapi. Kitone kwenye mlango. "Moyo wen?" Kwenye glasi. Kiatu, kuku, mbuzi, kitanda. Kilikwenda kila mahali palipotakiwa, na mara nyingine kilifika neno halijamalizika. Nilikuwa nimeuma kitambaa cha kichwa ili nisipige vigelegele.

Nisitie chumvi. Hakuelewa kila kitu. Tulipotoka kwenye neno moja tukaingia kwenye sentensi, mtoto anamsukuma mbuzi au mbuzi anamsukuma mtoto, alipata nyingi, si zote, na sentensi ndefu zilimponyoka njiani. Sauti ikienda haraka alichoka. Lakini kwa maneno mafupi, kwa sauti aliyoizoea, kwa lugha ya nyumbani kwake, Mama alikuwa anasikia. Mtafiti aliyatazama matokeo kwa muda mrefu, akazima kioo. Kisha akatoka nje, akarudi na chai ya sote wanne, naye hakuwa mtu wa kununua chai.

Shemeji tulimwita. Tulimwonyesha rekodi, kitone kikikimbilia mlango, kikikimbilia glasi. Alivua kofia. Aliomba kuonyeshwa tena, akawa anatamka maneno pamoja na mashine kwa sauti ya chini.

"Basi," akasema mwishowe, "mimi itauliza. Nilisema nitauliza."

Wiki mbili baadaye tulikwenda Malakia mchana, mtafiti na mimi na mashine ndani ya begi, tukaweka meza kwenye baraza ya mabati ya nyumba ya Mama. Binti alikuwa amepiga picha mbili kwa simu: geti la buluu la nyumba yao, na tishari likiwa bandarini. Mtafiti alikuwa ametuonya. Jicho, alisema, linakwenda kwenye unachokisikia, na linakwenda pia kwenye unachokiogopa, kwa hiyo lisichukuliwe kama mdomo. Ndiyo maana wiki mbili nzima tulikuwa tumemzoesha kwa mambo madogo. Picha ya chai na picha ya uji, unataka ipi, anatazama, anapewa, anakunywa au anasukuma. Mama alikuwa amelielewa jambo hilo na kulitumia bila huruma. Siku moja alitazama chai, akapewa, akatazama sukari.

Nilikuwa na uhakika. Niliketi pale kama mtu aliyekwisha kushinda kesi, nimeshamwandalia shemeji maneno mawili matatu ya adabu. Binti akapiga magoti karibu na kiti cha mama yake, akauliza kwa Kiarabu cha Juba, maneno mafupi, kama tulivyomfundisha. "Mama. Geni wala ruwa?" Kukaa au kwenda?

Kitone kilikwenda kwenye geti la buluu, kikapumzika kidogo. Kisha kikavuka kwenda kwenye tishari, kikakaa.

Mtafiti akabadilisha picha, ya kulia ikaja kushoto, maana jicho linaweza kupenda upande. Binti akauliza tena, sauti yake imepungua. Kitone kikaenda moja kwa moja kwenye tishari.

"Mara moja zaidi," nikasema. "Labda amechoka."

Mama aliniangalia. Hakuangalia kioo, aliniangalia mimi, na wanja wake wote, kama alivyokuwa akimwangalia mteja anayerudi mara ya tatu kuuliza bei ileile. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto na kuifunga kompyuta.

Shemeji alikuwa amekuja amejiandaa kugombana, ugomvi wake ukakosa pa kwenda. Mama akamgeukia. Ule mkono wa kushoto, ambao kwa desturi usingemnyooshea mtu, akamnyooshea yeye, kwa sababu ndio uliokuwepo. Shemeji akaupokea kwa mikono yake yote miwili na kuinama.

"Mimi iliona yeye nakataa safari," akasema, bado ameinama. "Kumbe nakataa mdomo yangu. Nilikuwa naongea yeye kama gunia."

Binti alikuwa ameketi chini, analia. "Baba amezikwa kule," akaniambia, ingawa sikuuliza. "Hajaona kaburi. Hata siku moja. Mimi nilidhani anataka kukaa na mimi." Mama akauachia mkono wa shemeji na kuuweka ule wake juu ya kichwa cha binti, akauacha hapo mchana kutwa, hata tulipokuwa tunakunja nyaya.

Nilimkasirikia Mama. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimegombana na mashine, na mtafiti, na ukoo mzima kwa ajili yake, naye akachagua upande wa pili. Kwenye raksha nilimwambia mtafiti kwamba kipimo kile hakina maana. Akasema, huku ameshikilia begi lake magotini lisirushwe na mashimo, "Ulitaka aelewe. Sasa ameelewa, unataka akubaliane na wewe." Sikumsemesha mpaka Alhamisi.

Tishari liliondoka baada ya siku chache. Bandarini palikuwa na matope, na kelele za wapagazi, na wanawake wakiuziana samaki wa kukaushwa. Binti alimsindikiza hadi kijijini na akarudi dukani baadaye, lakini asubuhi ile wote walipanda pamoja. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya magunia ya saruji, wanja juu na chini, hakuna mashine ya kumzuia. Shemeji alimfungia kivuli cha turubai, akainama kila mara kumuuliza jambo na kusubiri amtazame. Niliwapungia mpaka nikachoka. Kisha nikarudi kliniki kwa miguu, na kontena lilikuwa kubwa kuliko jana yake.

Mtafiti naye akaondoka na mashine yake, na mkataba wangu ukaisha, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimeshakaa Nakuru miezi kadhaa simu ilipoita kutoka namba nisiyoijua, yenye upepo mwingi ndani yake.

"Dada wa Kenya?" Nilimtambua shemeji kabla hajajitaja. Akaniambia mtandao unapatikana kijijini ukiwa juu ya kichuguu fulani, naye amembeba Mama mpaka pale kwa mkokoteni. Akaniambia Mama yuko vizuri, anakula, anagombana na wake za watu. Kisha akasema, "Iko hapa. Ongea na yeye."

Sikuwa na kitone, sikuwa na kioo, sikuwa na macho yake. Nikajikuta nimeuliza, "Lakini atasikia?"

Upepo ukavuma kwanza.

"Dada," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Wewe? Wewe ndiyo nauliza hivyo?"

Nikamwomba radhi. Nikamwambia amwekee simu sikioni. Nilipoisikia pumzi ya Mama karibu, nikamsalimu kwa Kiarabu changu kibovu, polepole, maneno mafupi, nikamuuliza kama kaburi amelikuta salama. Kisha nikabana simu sikioni, nikampa nafasi yake ya kujibu.